Punje Mbili za Uwele

Alikozaliwa na ukoo wake sitavisema, kwa sababu sikuuliza, na hata ningeuliza asingejibu. Watu wa Dodoma tulichojua ni kwamba ametoka milima ya Kondoa, kwamba hakosi swala, na kwamba alifika mjini mwaka ule ule reli ilipofika, cherehani yake ikiwa kichwani mwa mpagazi na yeye akitembea nyuma, macho hayabanduki. Jina alikuwa nalo bila shaka. Mji ulikuwa na mafundi wengi siku zile, wa mawe, wa bati, wa reli, na kila mmoja alitajwa pamoja na kazi yake. Yeye aliitwa Fundi tu, na kila mtu alijua anayesemwa.

Baraza yake ilikuwa Makole, karibu kabisa na nyumba yetu ya tembe. Mimi ni mtu wa Ihumwa. Mume wangu alipita kwetu na kundi la vibarua waliokuwa wakitandika reli, akanioa, na reli iliposonga mbele nasi tukasonga nayo mpaka mjini. Hakuacha kunitania kwa asili yangu. Jina langu alilisahau siku ya harusi, kuanzia hapo nikawa "wewe wa Ihumwa", hata mbele ya wageni. Mikono yake ilikuwa imekomaa kwa vyuma vya reli, hawezi kutunga uzi kwenye sindano hata umpe mchana kutwa. Kazi ya Fundi aliiita kazi ya kukaa. Nayasema haya mapema kwa sababu yatahitajika baadaye.

Fundi alipata riziki kwa kanzu na suruali, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mifarishi. Anayekijua kipupwe cha Dodoma, ule upepo wa asubuhi unaopenya mpaka kwenye mifupa, hahitaji kuelezwa mfarishi ni wa nini. Wengine walijaza nguo kuukuu katikati ya mashuka mawili wakashona juujuu, basi. Yeye aliunganisha vipande vidogo vidogo vya kaniki, marekani na bafta, kila kimoja upana wa vidole vinne, mpaka uso mzima wa mfarishi uwe vipande. Pembe za vipande vinne zilikutana mahali pamoja, na ukipitisha kidole hapo hukuona kilichozidi wala kilichopungua.

Siri ya pembe zile haikuwa dawa. Ilikuwa uwele. Kila asubuhi aliishusha sindano mpaka iguse bati la cherehani, akapanga punje mbili za uwele ubavuni mwake, zikigusana, na pale punje ya pili ilipoishia akabandika kwa nta ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi. Ukingo wa kitambaa ulitakiwa kuteleza ukiugusa ukanda ule tangu mwanzo wa mshono hadi mwisho, bila kuuacha na bila kuupanda. Kisha hakuanza kazi. Alishona kwanza vipande vitatu vya majaribio, akavipiga pasi, akakipima kile cha katikati kwa kijiti cha mpingo alichokichonga mwenyewe. Kikipungua au kikizidi, anabandua nta na kuanza upya. Alisema unywele mmoja si kitu kwenye mshono mmoja, lakini mfarishi una mishono mingi, na kosa halina haya, hualika wenzake.

Pini zilipoadimika alitumia miiba ya mgunga. Mishono iliyokutana aliilaza kwa kupishana, mmoja kushoto na mwenzake kulia, ili ishikane. Kitambaa hakukivuta, alikiachia kipite. Cherehani yake ilikuwa ya mkono: wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto peke yake ndio unaoongoza. Kabla ya mshono wa kwanza alilamba kidole gumba cha kushoto, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kitambaa, akaiambia cherehani kwa sauti ya chini, "Haya bibi, twende taratibu." Nilimsikia akisema hivyo kila siku niliyokaa naye, na hakuna siku aliyosema zaidi au pungufu.

Mtu huyu ambaye angefumua mshono mzima kwa sababu ya unywele, kanzu yake mwenyewe ilikuwa aibu. Pindo limechanika, kiraka juu ya kiraka, kimeshonwa kwa mkono na kimepinda kama njia ya mbuzi. Mganga hajigangi, nilimwambia, akacheka mpaka akakohoa. Waganga nao aliwadharau. Mtu akija na hirizi kiunoni kupimwa suruali, Fundi alimwambia aivue kwanza kwa kuwa inaharibu kipimo. Lakini yeye huyo huyo hakushona jua likiwa utosini. Kivuli kikishaingia chini ya miguu, alinyanyua sindano, akachomoa uzi, akaifunika cherehani kwa kaniki, akajinyoosha mkekani mpaka kivuli kianze kutoka. Nilipomuuliza sababu alisema saa ile kitambaa hakinyooki.

Adhuhuri moja nilikuwa natwanga nikasikia cherehani inakwenda. Nikasema leo Fundi kavunja mwiko, nikatoka kumtania. Nilimkuta amelala chali, mdomo wazi, na cherehani imefunikwa. Sauti ilikuwa bado inakwenda, tik tik tik, chini ya kaniki, na kaniki haitikisiki. Nilipokanyaga baraza ikanyamaza. Nilirudi kwenye kinu nikajiambia ni njaa tu, njaa hupigia watu ngoma masikioni. Sikutwanga tena siku hiyo.

Sasa niseme habari ya mfarishi wa mji, maana ndio uliomponza.

Kila aliyekatiwa nguo kwa Fundi aliachiwa salio lake lote, ila kipande kimoja cha vidole vinne. Hicho Fundi alikiomba, hata kama ni cha nguo ya mgeni anayepita. Alikiunga kwenye mfarishi mmoja mkubwa ambao hakuuza na hakujifunika. Tulipenda kuutazama. Kila mtu alijua kipande chake, na Fundi alitupanga kama tulivyokaa mjini, jirani kwa jirani, mume kwa mke. Kipande changu kilikuwa kaniki nyeusi, na cha mume wangu, cha suruali yake ya kazi, kimeungwa ubavuni mwangu. Mume wangu alicheka, akasema hata kwenye nguo wewe wa Ihumwa umenibana.

Asubuhi moja Fundi aliniita nimshikie kijiti. Alikiweka kwenye mshono wa kipande cha mchimba visima, mtu mwenye nguvu zake, tuliyemjua wote. Jana yake nilikuwa nimeuona mshono ule umenyooka, kwa sababu Fundi alinionyesha kwa majivuno. Leo ulikuwa umekwenda kando upana wa punje nzima katikati ya safari yake, kisha ukarudi. Uzi haukukatika. Hakukuwa na alama ya kufumuliwa. Fundi alisema kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbulika, na upepo wa kiangazi huvuta nguo, ni nguo tu. Akakunja mfarishi. Jioni ile alivaa kofia yake akaenda kwa mchimba visima kusalimia, akakaa sana, akauliza habari za watoto na kuku, akaondoka bila kusema alichofuata. Siku ya tatu kisima kiliporomoka na yule bwana yumo ndani.

Baadaye ikawa mke wa mlinzi wa stesheni. Mshono ukapinda, Fundi akaenda kusalimia, akauliza kuku, na yule mama hakumaliza wiki. Nilikuwa mtu wa kucheka, lakini hapo kicheko kilinikauka.

Nataka muelewe tabia yake hii, kwa sababu mji haukuielewa. Hakuwa mwaguzi. Hakumwambia mtu neno. Alichokiona kilimwelemea, na njia pekee aliyoijua ya kuubeba mzigo ule ilikuwa kwenda kuketi na mwenye kipande akiwa bado anaweza kuketi naye. Mimi naiona ni heshima. Mji uliona vingine. Watu walianza kuhesabu ziara zake, na haikuchukua muda kila mtu akajua kwamba Fundi akibisha hodi na kuuliza kuku, tafuta sanda. Milango ikawa inafungwa akipita. Wamama walivuta watoto ndani. Yeye aliendelea kupita katikati ya njia, taratibu, akisalimia milango.

Vita vya Wadachi vilipokuja, askari walizunguka na kamba wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo. Mume wangu alichukuliwa palepale relini, na nyundo mkononi. Nilipofika stesheni nilikuta nyundo tu imewekwa juu ya jiwe. Hakuna aliyetuambia wamepelekwa wapi, na waliorudi kutoka huko hawakuwa wengi. Kuanzia siku hiyo nilitaka jambo moja tu duniani, kujua kama yu hai. Na nilijua lilikoandikwa.

Nikaanza kwenda barazani kwa Fundi kila siku. Nilisema nataka kujifunza kushona, naye akajifanya kuamini. Somo la kwanza nililiharibu. Aliniacha nipange ukanda mwenyewe, akaenda msikitini. Nikachukua punje kwenye kibuyu kilichokuwa karibu, nikabandika nta, nikashona toka asubuhi mpaka jua kali. Aliporudi akauinua mfarishi wangu mdogo, akautazama, akaangua kicheko. Pembe hazikukutana hata mbili, na upande mmoja ulikuwa umepungua kiganja kizima. Nilikuwa nimepima kwa punje za mtama. Alisema hata kuku anajua mtama si uwele, akaniketisha nifumue wote, mshono kwa mshono, bila kuchana kitambaa. Kuanzia hapo akaniita yule wa mtama, akifurahi. Akiwa na jambo zito aliniita mwanangu.

Alinifundisha vizuri, na mara nyingi alinifundisha kwa neno moja. Mtu anayeanza kushona hutazama sindano, kwa sababu ndiyo inayocheza, na mshono wake hupinda. Fundi alinigonga begani kwa kijiti.

"Usiitazame sindano, mwanangu. Sindano haiendi popote. Tazama ukingo."

Nikamuuliza nikiitazama kuna nini. Alifikiri kidogo, akasema ukiitazama sana nayo itakutazama. Sikujua kama anatania. Lakini nilijifunza kutazama ngozi ile ya mbuzi, na mishono yangu ikanyooka, na nilipata kitulizo cha ajabu kuona mstari unaokwenda bila kuyumba wakati mambo mengine yote yameyumba. Mfarishi wa mji, hata hivyo, hakunifunulia tena. Aliuweka umekunjwa chini ya mkeka, akaulalia. Kila asubuhi nilimtazama usoni nikitafuta kitu, naye alijua ninachotafuta.

Ulipofika mwaka wa shida, mvua zikagoma na chakula kikachukuliwa na askari, vifo viliongezeka na mji ukapata wa kumlaumu. Walikuja barazani asubuhi kundi zima, wengine majirani zangu, wakidai vipande vyao. Hawakuja na fimbo. Walipanga mstari kama watu wanaosubiri maji. Fundi hakubishana. Aliutandaza mfarishi, akatoa kisu chake kidogo cha kufumulia, akaanza kwa wa kwanza. Kila mtu alionyesha chake, akakifumua polepole asikichane, akakikunja, akampa kwa mikono miwili. Wengine walipokabidhiwa wakaogopa kukishika, vikaanguka chini, upepo wa Dodoma ukavizungusha uwanjani pamoja na vumbi. Kufikia alasiri zilibaki sehemu mbili za mfarishi, vipande vya waliokufa na vipande vya wanaume waliochukuliwa upagazi, ambao hawakuwepo kudai. Na changu. Nilipofikiwa nilisema changu kibaki kilipo. Jirani yangu mmoja alinivuta kanga, akaniuliza kwa nini najitafutia balaa. Nilimwambia mume wangu yuko pale, sitamwacha peke yake. Fundi aliniangalia, machozi yakamlengalenga.

Wiki ile alihamia Zuzu, kijiji kando ya reli upande wa machweo, na mpagazi mwingine akabeba cherehani. Nilibaki bila kazi ya kushika na bila mtu wa kumtazama usoni.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani nikasikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na furushi kwapani, vumbi la reli mpaka magotini, amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kigoda. Akautazama uwanja uliokuwa mtupu.

"Kuku wako hawajambo?" aliuliza.

Ufagio ulinitoka mkononi. Sikuwa na kuku hata mmoja, na alijua. Nikamwambia alifungue lile furushi. Alikataa, nikalifungua mwenyewe. Niliutandaza uleule mfarishi uliobaki, nikatafuta kaniki yangu na suruali ya mume wangu. Mshono kati yetu ulikuwa umepinda. Niliugeuza upande wa nyuma, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Kando ya mshono kulikuwa na vitundu vya sindano, mistari na mistari, saba. Kitambaa hukumbuka kila sindano iliyopita. Alikuwa ameufumua mshono wetu mara saba akaushona upya mara saba, peke yake, tangu wakati tulipokaa pamoja barazani na yeye akiulalia, na kila mara ulikuwa umepinda tena.

Nilimuuliza ni yeye? Mume wangu ndiye anayekufa?

"Mshono una pande mbili, mwanangu," alisema. "Siwezi kujua ni wa nani. Ndiyo maana nimekuja kukaa na wewe."

Nilielewa. Alikuwa amekuja kunisalimia mimi pia. Nilipaswa kuogopa, na niliogopa, lakini zaidi nilishikwa na hasira, hasira mbaya ya mtu aliyekaa na hofu muda mrefu. Nilimwambia wewe si fundi? Si ulinifumulisha mfarishi mzima kwa sababu ya punje za mtama? Nilimwambia sitaki kukaliwa wala kuulizwa kuku. Kisha nikasema lile neno.

"Unyooshe. Ukiwa fundi kweli, unyooshe."

Alijibu kwamba mpindo hauishi, hutolewa hapa ukaenda pale, kama kitambaa chenye mkunjo. Nikasema basi upeleke popote. Aliinama, akakunja mfarishi, akasema kama ni hivyo twende, cherehani iko Zuzu.

Tulitembea kando ya reli, yeye mbele mimi nyuma. Kulia na kushoto yalikuwa majabali na migunga iliyokauka, na hatukukutana na mtu yeyote. Tulifika jua likiwa utosini. Nilidhani atajinyoosha mkekani mpaka kivuli kitoke, kama desturi yake. Aliifunua cherehani. Akanituma nikatafute makaa ya pasi kwa majirani, na majirani wa pale walikaa mbali. Niliporudi na makaa kwenye kigae, kazi ilikuwa imekwisha na mfarishi umekunjwa, ukingo mmoja tu uko nje. Alinishika kidole gumba akakipitisha kwenye mshono wa kaniki yangu. Ulikuwa umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Nililia kwa furaha, nikambusu mkono. Pindo la kanzu yake lilikuwa limechanika sana, lakini lilikuwa limechanika siku zote, sikulitazama. Aliniambia nirudi kwangu kabla jua halijainama. Niliondoka bila hata kumuuliza kama amekula.

Siku ya nne mtu wa reli aliniletea habari kwamba Fundi wa Zuzu amekutwa amelala mkekani, mchana, na hakuamka. Walikuwa wamekwisha kumzika. Mjumbe huyo alikuja na cherehani na furushi, na maneno ambayo marehemu aliyaacha kwa jirani: vitu hivi apewe yule wa mtama.

Nilikaa siku nyingi bila kulifungua furushi. Nilipolifungua niliona. Kati ya kipande changu na cha mume wangu palikuwa na kipande cha tatu, bafta nyeupe ya kanzu kuukuu. Upande wa juu kilikuwa na upana wa vidole viwili, upande wa chini kidole kimoja. Mishono yake yote miwili ilinyooka, mmoja ukipita kando yangu, mwingine kando ya mume wangu, sawasawa na punje mbili. Mpindo wote alikuwa ameuweka ndani ya kipande kile. Nilikaa nao mapajani mpaka jua likazama. Nilimwambia aupeleke popote, na sikumwuliza anaupeleka wapi. Kama kuna dhambi ninayokwenda nayo kaburini, ni hiyo, na nisingependa mtu aniambie kuwa sikujua.

Mume wangu alirudi mvua za kwanza, Wadachi wakiwa wamekwisha kuukimbia mji. Sikumtambua mpaka alipokaa. Alieleza kidogo tu: homa ilimshika njiani, wenzake wakamwacha kando wakijua amekufa, na adhuhuri moja akaamka, akasimama, akaanza kutembea kuja nyumbani. Siku gani, hakujua. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa mpole kuliko zamani. Hakunitania. Lile "wewe wa Ihumwa" nililingoja siku ya kwanza, na ya pili, na ya mwezi mzima. Nilisema ni mateso aliyoyaona, litarudi akinenepa.

Mimi nilikuwa nimeanza kushona kwa watu, na nilishika desturi ya aliyenifundisha. Adhuhuri moja nilinyanyua sindano, nikachomoa uzi, nikaifunika cherehani, nikaenda kisimani. Wakati wa kurudi, mtungi kichwani, nilisikia tik tik tik kutoka nyumbani. Nilisema ni masikio. Nikaendelea kutembea, na sauti haikunyamaza nilipokanyaga baraza.

Mume wangu alikuwa ameketi mbele ya cherehani. Mkono wake wa kulia, ule wa nyundo, ulizungusha gurudumu bila haraka. Alifika mwisho wa kipande, akachukua kingine, akalamba kidole gumba cha kushoto, akapitisha ukucha kwenye ukingo. Midomo yake ilisema kitu kwa chini. Uzi alikuwa ameutunga mwenyewe. Ubavuni mwa sindano, kando ya ukanda wa ngozi, zilikuwepo punje mbili za uwele zinazogusana, na mshono ulikuwa unatoka nyuma umenyooka, sijawahi kuushona mimi hivyo. Nilisogea kuangalia, mtungi ukiwa bado kichwani, macho yangu yakaenda kwenye sindano.

"Usiitazame, mwanangu," alisema, bila kuinua kichwa.

Mume wangu hakuwahi kuniita hivyo maisha yake yote. Maji yalikuwa yakinidondokea shingoni. Kisha nikautua mtungi polepole, nikapiga goti.

"Shikamoo, Fundi," nilisema.

Aliitikia marahaba, akachukua kipande kingine.